Kumleta mjomba kutoka Bujumbura kuja kutibiwa moyo Dar

Mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama, amepita miaka themanini na makazi yake ni Buyenzi, Bujumbura. Valvu ya moyo imeharibika, miguu inavimba, akilala chali pumzi zinamkatika. Daktari wake alipoandika kwamba anahitaji wapasuaji wa moyo, kazi ya kumleta Dar es Salaam iliniangukia mimi. Naeleza nilivyoipanga, maana wazee wengi wanaozungumza Kiswahili wako Bujumbura, Uvira na Bukavu, na watoto wao wako huku.

Nililolishikilia tangu mwanzo ni hili: faili litangulie, mgonjwa afuate, tiketi inunuliwe mwisho. Mzee wa namna hii hana nguvu za safari ya kubahatisha. Akifika akaambiwa hakuna cha kufanya zaidi ya vidonge alivyokuwa akimeza nyumbani, mmemtesa bure.

Faili lilikwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Ndani yake niliweka ripoti ya daktari ya karibuni, kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) pamoja na picha zake zinazocheza (maelezo ya maandishi peke yake hayamtoshi mpasuaji), ECG (mchoro wa umeme wa moyo) iliyopigwa picha ikiwa imelazwa mezani kwenye mwanga, na majibu ya damu: figo, potasiamu, hemoglobini, na INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) kwa sababu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kisha nikauliza maswali matatu. Kwa umri wake na figo zake, kuna tiba mnayoweza kumpa ambayo huko haipo? Kuna kitu kirekebishwe kabla hajapanda ndege? Nani atampokea, na siku gani? Mpaka majibu yalipopatikana kwa maandishi, sikugusa habari ya tiketi.

Karatasi za Burundi zimeandikwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo hatari inapojificha. Kutafsiri maneno hakutoshi, vipimo navyo vinaandikwa kwa namna nyingine. Shinikizo la damu la 14/9 ni 140/90. Kreatinini huandikwa kwa miligramu kwa lita: 18 ya huko ni miligramu 1.8 kwa desilita, au takriban mikromoli 159 kwa lita. Anayesoma harakaharaka akadhani ni 18 kwa desilita ataona figo zimekufa kabisa. Sukari ya 1.80, gramu kwa lita, ni milimoli 10 kwa lita. FEVG ni nguvu ya moyo kusukuma damu kwa asilimia, HTA ni shinikizo la juu la damu, AVK ni kundi la dawa za kuzuia damu kuganda. Nilimpa kazi hiyo mtu wa afya anayejua Kifaransa, akaandika kila namba mara mbili, kama ilivyo na ilivyogeuzwa, na nakala ya Kifaransa ikabaki imeambatanishwa.

Dawa zinahitaji umakini kuliko kitu kingine chochote. Majina ya kibiashara ya upande wa Kifaransa si yale ya maduka yetu. Lasilix ni furosemide, ileile inayojulikana hapa kama Lasix. Aldactone ni spironolactone. Kardégic ni aspirini. Sintrom ni acenocoumarol, dawa ya kazi moja na warfarin. Mgonjwa akifika na Sintrom mkobani, akaandikiwa warfarin, na ndugu wakaendelea kumpa zote mbili, anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani. Akimeza Lasilix na furosemide kwa pamoja, atakauka maji, shinikizo litashuka na figo zitaumia. Kwa hiyo niliomba orodha yenye jina halisi la dawa, miligramu, saa ya kumeza na sababu yake. Dawa zote zilisafiri kwenye maboksi yake, ndani ya mkoba wa mkononi, za kutosha wiki mbili. Begi linaloingia tumboni mwa ndege linaweza kuchelewa.

Wapo waliopendekeza basi kupitia Kobero na Kabanga, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Nilikataa. Ni zaidi ya kilomita 1,000, zaidi ya siku nzima mzee amekaa na miguu iliyovimba, damu iko tayari kuganda, na sehemu kubwa ya njia iko mbali na hospitali yenye oksijeni.

Ndege nayo ina masharti yake. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi, kama ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Mwenye afya hahisi kitu, mwenye moyo uliochoka anahisi. Kwa hiyo kila asubuhi na jioni binamu yangu alimpima mjomba oksijeni kwa kipimo cha kidoleni, akiwa ameketi, ametulia, mikono ina joto (vidole baridi hutoa namba ya uongo). Ikiwa chini ya asilimia 92 bila msaada, ni wa kuwekewa oksijeni angani. Kati ya 92 na 95 kwa mgonjwa wa moyo au mapafu, daktari ndiye wa kuamua. Mtu ambaye mapafu yamejaa maji kwa sasa, mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, au aliyepata shambulio la moyo siku chache zilizopita, asipande. Atibiwe kwanza hapohapo alipo mpaka atulie.

Shirika la ndege hutaka fomu iitwayo MEDIF, ijazwe na daktari na iwasilishwe mapema, mara nyingi saa 48 hadi 72 kabla ya safari. Ikijazwa mapema mno huhesabika imepitwa na wakati. Mitungi ya oksijeni ya nyumbani mashirika mengi huikataa. Huruhusu mashine ndogo ya betri inayochuja oksijeni kutoka hewani, nayo iwe ya aina waliyoidhinisha, na betri zitoshe mara moja na nusu ya muda wa safari. Safari ya saa mbili, betri za saa tatu, na za akiba zikae mkononi. Maombi ya machela ni habari nyingine kabisa: huchukua viti vingi, hulipiwa vyote, na si kila ndege inaipokea.

Kiti cha magurudumu kina daraja zake, na hapa watu wengi hukwama. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi mwenyewe. WCHS hawezi ngazi ila anatembea ndani ya ndege. WCHC ni wa kubebwa mpaka kwenye kiti chake. Ukiandikiwa WCHR kwa mzee asiyeweza ngazi, mtafika chini ya ndege na hakuna aliyeandaliwa kumpandisha. Nilisoma herufi hizo kwenye tiketi kwa macho yangu, sikuridhika na "tumeshaweka" ya simu.

Kadi ya homa ya manjano usiichukulie poa. Anayetoka Burundi huombwa kadi hiyo Tanzania, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Kadi ya zamani haihitaji kurudiwa, tangu 2016 ni ya maisha. Ila anayechanjwa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 60 ana hatari zaidi ya madhara makubwa, kwa hiyo daktari akiona haifai, aandike cheti cha kusamehewa chenye saini na muhuri, nanyi mkionyeshe mapema kwa watu wa afya wa uwanjani. Viza Mrundi haihitaji, ila soma siku zilizoandikwa kwenye muhuri wa Uhamiaji; matibabu ya moyo huzipita kirahisi, na barua ya hospitali ndiyo ya kuombea nyongeza kabla hazijaisha.

Kuhusu siku yenyewe, tulikubaliana na daktari saa ya dawa ya kutoa maji. Kidonge cha furosemide hufanya kazi kwa takriban saa sita, hivyo akikimeza alfajiri, mkojo mwingi hutoka kabla ya kupanda. Hata hivyo pampasi ya mtu mzima ni lazima. Chakula cha chumvi nyingi asiguse. Kiti kiwe cha pembeni ya njia, karibu na choo.

Gari la wagonjwa lilikuwa uwanjani kabla ndege haijatua. Oksijeni yake nilihesabu mwenyewe: mtungi wa lita 680 ukitoa lita 2 kwa dakika hukaa dakika 340, lakini ukitoa lita 10 hukaa dakika 68 tu. Kwa foleni ya Barabara ya Nyerere kwenda Upanga, niliomba mtungi uliojaa na wa pili wa akiba, nikaangalia geji kabla mgonjwa hajaingia.

Fedha ziwe tayari Dar kabla hajaondoka. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, uliza malipo ya awali ni kiasi gani na kama yanajumuisha ICU na damu. Faranga za Burundi huku hazibadilishiki kirahisi.

Kuna mazungumzo mazito ambayo hayakwepeki, na nasisitiza yafanyike mzee akiwa bado kwake. Nilimuuliza: "Mjomba, wataka kweli kupasuliwa? Na Mungu akikuchukua ukiwa kwetu, tukuzike wapi?" Ajibu yeye, wanawe wasikie. Kusafirisha maiti kuvuka mpaka kunahitaji vibali, kuhifadhi mwili, jeneza maalumu na fedha nyingi, na huchelewesha maziko ambayo sisi Waislamu tunayaharakisha. Wosia wake ukijulikana, hakuna ndugu atakayegombana na mwenziwe mlangoni pa wodi.

Safari yake ya kurudi inahitaji MEDIF mpya, maana baada ya tiba huyu ni mgonjwa mwingine kwenye karatasi. Kabla ya ruhusa ya kutoka hospitali, mwombeni daktari aandike dawa zinazopatikana Bujumbura, kwa majina halisi, aeleze INR anayoitaka na nani ataipima kule, na muhtasari wa matibabu utafsiriwe kwa Kifaransa.