Kapkeki za friza: hatimaye juu ni pakavu

Zimekubali. Kapkeki za vanila na iliki zilizokaa friza tangu mwanzoni mwa mwezi zimetoka leo alfajiri, juu ni pakavu, na vikaratasi vimeshika bila hata kimoja kubanduka. Naandika kabla sijapeleka oda kwa sababu tatizo hili la keki kulowa na kunata juu zikishatoka friza limenisumbua tangu nianze kupika keki za oda hapa Dar, na maelekezo mengi yanayosambaa yametoka kwa watu wa nchi za baridi. Wao hawalijui.

Mambo ya kupoza keki mpaka ndani kabla ya kufunga sitayarudia. Na friji si mahali pa keki: kwenye nyuzi 4 wanga wa ngano unakaza upesi kuliko hata ukiiacha keki mezani, ndiyo maana keki ya friji inakuwa ngumu na kumung'unyika ilhali maji yake bado yamo. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kukaza huko karibu kunasimama. Kwa hiyo friza inafanya kazi yake vizuri. Kilichokuwa kinanitesa ni zile saa chache baada ya kuzitoa.

Ilikuwa hivi kila mara. Keki inatoka imeganda, nzuri, haina ufa. Naipanga kwenye wavu kama maelekezo yanavyosema, nafungulia feni. Baada ya nusu saa juu kumelowa, kunang'aa, ukigusa kunanata. Baadaye kukikauka kunabaki ngozi nyembamba inayobanduka vipande vipande, na karatasi inaachia ubavuni. Mteja mmoja aliniuliza, "Dada, hizi umezipaka asali?" Aliuliza kwa nia njema kabisa, nami nilikosa raha siku nzima.

Nilianza kushuku mapishi. Nikapunguza sukari, maana sukari huvuta maji. Nikaacha siagi nikatumia mafuta ya alizeti, na hapo nilipata faida nyingine: keki ya mafuta inabaki laini hata ikiwa na ubaridi, wakati ya siagi lazima uisubiri ipate joto kwanza. Nikabadili vikaratasi, nikachukua vile vizito vinavyozuia mafuta. Kunata kulibaki kulekule.

Kumbe shida ni hewa yetu. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi kitaota matone. Nyuzi 25! Hata maji ya bomba yanaweza kuwa na ubaridi kuliko hapo. Maana yake keki inayotoka friza inakusanya maji ya hewani tangu dakika ya kwanza mpaka inapokaribia joto lenyewe la chumba, na feni inazidi kuiletea hewa mpya yenye maji. Sasa mfikirie mtu wa London wakati wa baridi: sebule yake ina nyuzi 20 na unyevu asilimia 40, keki yake ikishavuka nyuzi 6 au 7 imeshapona. Yeye akisema "panga kwenye wavu" anasema kweli, kwake.

Basi maji lazima yatafute pa kutua pengine. Keki zinabaki ndani ya kontena, mfuniko umefungwa, na jasho lote linatoka nje ya plastiki. Unalifuta kwa kitambaa, basi. Hilo wengi mnalifanya. Ugumu uko kwenye kujua ufungue lini, na hapo ndipo niliposota kwa muda mrefu. Keki ikishakuwa laini kidoleni unadhani iko tayari, kumbe katikati bado nyuzi 12 au 15. Ukifungua wakati huo, umande unarudi vilevile.

Kilichonitoa ni kipimajoto cha sindano chenye waya, cha bei ndogo, kile wanachotumia wachoma nyama. Sindano naichoma kwenye keki ya katikati kabisa kabla ya kugandisha, waya unapita chini ya mfuniko, pembeni naziba kwa nailoni. Nasoma namba bila kufungua. Za pembeni zinawahi, za katikati zinachelewa mno kwa sababu zimezungukwa na wenzao wenye baridi. Sasa natoa kontena saa nne usiku, sigusi, na sifungui mpaka isome nyuzi 27. Kati ya vifaa vyote vya keki nilivyonunua, kuanzia mikisa hadi nozeli za maua, hakuna kilichonisaidia kama hiki.

Ile mashine ya kunyonya hewa kwenye mifuko siipendi kwa kapkeki. Inaziminya, na hata ukizigandisha kwanza wazi kwenye trei ndipo unyonye, mfuko unabana karatasi na kuikunja. Nailoni inayokumbatia keki mojamoja, halafu kontena lenye mfuniko wa kubana, inatosha. Kontena lijae, nafasi tupu juu ya keki ndiyo inayojaa chembe za barafu, na maji ya barafu hiyo yametoka ndani ya keki yako.

Kwenye friza yenyewe, ile ya kulala inazishinda za kusimama. Ukifungua mfuniko ubaridi unabaki chini, na haina ule mzunguko wa kujiyeyusha barafu unaopandisha na kushusha joto na kuikausha keki polepole. Shida ni kwamba friza ya nyumbani ina samaki pia, na keki inavuta harufu vibaya sana. Foili juu ya nailoni imelimaliza hilo. Umeme ukikatika nayo nimeizoea: friza iliyojaa, ukiacha kuifungua, inashika ubaridi kama saa 48, ya nusu kama 24, kwa hiyo mapengo nayajaza chupa za maji. Chupa moja naigandisha ikiwa imesimama na maji nusu, kisha nailaza. Nikikuta barafu imehamia ubavuni, najua friza iliyeyuka nikiwa sipo.

Nilipanga kufuatilia za mwezi mmoja na za miezi miwili, nilinganishe ladha. Sijafanya, kwa sababu wiki hii nimepata wazo jingine na siwezi kuliacha. Nimechora maua ya krimu juu ya karatasi ya kuokea, krimu ya siagi iliyochanganywa na mafuta mgando meupe ili ihimili joto, nikayagandisha mpaka yakawa magumu, nikayabandua mojamoja kwa kisu cha bapa. Ua lililoganda linawekwa juu ya keki iliyoganda, tone la krimu laini katikati lishike, halafu vyote vinarudi kontenani na kuyeyuka pamoja kwa utaratibu uleule. Mikunjo ya ua imebaki imesimama! Kwa oda za Idi ina maana kazi ya mkono inakwisha siku nyingi kabla, na usiku wa kuamkia siku yenyewe ninalala.

Kwenye krimu, rangi ya waridi na ya njano zimetulia. Nyekundu imechuja kidogo kwenye ncha, nyeusi imechuja sana. Ya nyeusi nitaianza na kakao nyingi kwanza, ndipo niongeze rangi kidogo, na krimu ilale usiku mzima ikolee kabla sijaichora.