Boriti ya Mchwa Ndiyo Iliyoniokoa Kibokoni

Aliyenishauri nigawe vipeperushi sina hamu naye. Nilichapisha hamsini kwa pesa zangu, elfu mbili na ushee, nikaenda kuwafundisha kina bibi wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, kuhusu mifupa kudhoofika uzeeni. Kesho yake nimenunua bajia, nimefungiwa ndani ya kipeperushi changu mwenyewe. Mafuta yamelowea pale pale nilipoandika "maziwa na dagaa".

Na siku yenyewe niliumbuka. Nimesimama naeleza hedhi ikikoma homoni zapungua na mfupa waanza kulika, bibi mmoja akanikata kauli: "Mwanangu, wayanena hayo mbele ya mzee?" Kweli, mzee alikuwa mlangoni na kikombe chake cha kahawa tungu, ametega masikio yote mawili.

Mara ya pili nikapitia kwa fundi aliyekuwa akibomoa dari ya nyumba kuukuu, nikamwomba vipande viwili vya boriti. Kimoja kizima, kingine kimeliwa na mchwa, na kwa nje huvitofautishi. Nikampa yule yule bibi mkali avunje. Cha kwanza kilimshinda. Cha pili kilikatika mkononi kama biskuti, unga ukamwagikia leso yake. Ua mzima kimya. Nikasema, mchwa hapigi hodi, na mfupa hauumi mpaka siku ya kuvunjika. Hapo wakanisomesha wao nani yumo hatarini: nani mamake alivunjika nyonga, nani hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, nani ashindia chai na mkate, nani hajapigwa na jua tangu Ramadhani. Mzee akacheka. Nikamwambia asicheke, wanaume wamo pia, na sigara zake zimo.

Waambie waje na dawa zao kikapuni, usiwaulize kwa mdomo. Wawili walikuwa wakimeza predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miaka na miaka, mmoja kwa pumu, mwingine kwa maumivu ya maungo. Zikimezwa muda mrefu zala mfupa, ila haziachwi ghafla. Niliwapakia tuktuk hadi kwa daktari.

Lakini swali ninalojivunia ni hili: "Nani buibui lake, lile lile la zamani, siku hizi laburura chini?" Mtu akipungua kimo, huenda pingili za mgongo zimebonyea. Mikono mitatu ikainuka. Wa nne alinyamaza kwanza, kisha akashika kichwa:

"Na mimi fundi cherehani nimemtukana mwaka mzima!"