IP moja yatosha: saiti kadhaa za HTTPS kwenye Windows Server ya ofisi ndogo

Kila nikipigiwa simu na mwenye ofisi hapa Mombasa anayetaka kuweka saiti zake kwenye seva yake mwenyewe, swali la kwanza ni lile lile, "IP (anwani ya mtandao) ngapi za nje ninunue?", na mara nyingi utakuta ashaambiwa na mtu kwamba kila saiti yenye kufuli lazima iwe na IP yake, saiti tano IP tano, na bei yake kila mwezi. Jibu langu ni moja. Yaani IP moja. Na hiyo moja uhakikishe ni yako kweli, hapo ntafika.

Sio kwamba aliyemwambia hivo ametunga. Zamani mambo yalikuwa ndo hayo. Kwenye Windows Server 2008 na 2008 R2, zile za IIS 7 na 7.5 (IIS ni programu ya Windows ya kuendesha saiti), cheti, yaani hati ya kuthibitisha saiti, kilikuwa kinafungwa kwa IP na poti, sasa poti 443, mlango wa HTTPS, ya IP moja ilibeba cheti kimoja basi, labda ununue cheti cha nyota (cha majina yote chini ya domeni moja) au kile chenye majina mengi ndani yake. Sababu yenyewe ni rahisi ukiifikiria kwa sanduku la posta. Wajua vile S.L.P. moja ya shule ama ya msikiti hutumiwa na nusu ya mtaa, barua zote zaingia humo humo lakini kila bahasha ina jina la mwenyewe kwa nje, kwa hivo mwenye funguo hababaiki ampe nani. HTTPS ya kale ilikuwa bahasha isiyo na jina, jina liko ndani kwenye barua, na barua haifunguliwi mpaka seva itoe cheti kwanza. Itatoa cha nani sasa? SNI (Server Name Indication), yaani brauza kutaja jina la saiti kabla ya cheti kutolewa, ndo iliyoandika jina kwa nje. Kwenye kanuni za TLS, ule usimbaji wa HTTPS, imo tangu 2003, lakini Windows iliikubali upande wa seva na IIS 8, mwaka 2012, na hata baada ya hapo watu waliiogopa manake Internet Explorer ya Windows XP ilikuwa haiijui kabisa. XP yenyewe Microsoft walishaiwacha Aprili 2014, sa anayekuuzia IP tano leo kwa sababu hiyo anakuuzia hofu ya kompyuta ambayo wateja wako hawana. (Na kwa wale wenye wasiwasi, ndio, jina la nje ya bahasha lasomeka, anayekupa intaneti anaona umeingia saiti gani japo haoni unafanya nini ndani.)

Kuiweka si kazi. Kwenye IIS unaingia kwa baindingi za saiti (pale saiti inapofungwa kwa IP, poti na jina), wachagua https, poti 443, pale kwa IP wawacha "All Unassigned", waandika jina la saiti kamili, watia tiki kwenye "Require Server Name Indication", wachagua cheti, basi. Warudia kwa kila saiti. Kama una jina lenye www na lisilo na www basi ni baindingi mbili, watu husahau hili kisha wanalalamika nusu ya wateja saiti haiwafungukii au wanaona onyo jekundu.

Balaa liko kwa zile seva zilizorithiwa, fundi wa kwanza alikuwa na saiti moja tu akaifunga kwa IP ya ndani, 192.168 fulani, poti 443 bila tiki ya SNI, fundi wa pili akaja akaongeza saiti nne kwa SNI vizuri kabisa, na zote nne zatoa cheti cha ile ya kwanza! Mtu atafuta cheti upya, ataanzisha seva upya, atalaumu brauza, wapi. Ni kwamba Windows inapotafuta cheti haianzi na jina. Inaanza na IP kamili pamoja na poti, ikikosa ndo yaenda kwa jina la SNI, kisha ghala la vyeti la pamoja kama unalo, na mwisho kabisa ndo ile 0.0.0.0 ya kila mtu. Kwa hivo baindingi moja tu ya IP kamili yameza zote. Fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike netsh http show sslcert, kila cheti kitajitaja kimekaa wapi, ukiona mstari wenye IP kamili na 443 hapo ndo penye mwizi. Iondoe, irudishe hiyo saiti kwa jina na SNI kama wenzake, kisha mambo yanyooka. Mimi huipiga hiyo amri kabla hata ya kufungua IIS, kwa seva ya mtu yoyote.

Haya, ile IP sasa. Laini nyingi za fiba za bei ya nyumbani, na zile za 4G, hazikupi IP ya nje ya kwako, mko wengi nyuma ya moja. Ingia kwenye rauta uangalie IP ya upande wa nje, ikianza na 100 halafu namba ya pili iko kati ya 64 na 127, basi hiyo ni ya kushiriki, ufungue poti mpaka uchoke hakuna atakayekufikia. Itisha IP ya nje isiyobadilika, uilipie hiyo moja, kisha rauta ipeleke 80 na 443 kwa seva. 3389 ya kuingilia seva kwa mbali usiifungue kwa nje hata kama bosi anasafiri, mpe VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi.

Kingine kinachochanganya watu: saiti yafunguka Nairobi, yafunguka kwa simu ya mtu aliye Likoni, lakini ndani ya ofisi yenyewe haifunguki. Seva iko hapo kwa meza ya pili! Ni rauta, nyingi hazijui kutoka nje na kurudi ndani kwa mlango huo huo. Badala ya kupigana nayo, kwenye DNS ya ndani (kitabu cha majina na IP zake), ile ya Windows, weka eneo (zone) lenye jina la saiti lielekee IP ya ndani ya seva. Ila uwe mwangalifu, ukitengeneza eneo la domeni nzima basi kila kilichoko nje chini ya domeni hiyo, barua pepe na kadhalika, lazima ukiandike pia humo, la sivyo kesho wafanyikazi hawapati barua pepe. Mimi huunda eneo la jina hilo moja tu la saiti, siigusi domeni.

Kama saiti zimetawanyika kwa mashine mbili tatu, bado ni IP moja. Mashine moja inakuwa ya mbele, inatiwa ARR (Application Request Routing) na URL Rewrite, viongezi vya IIS, vyeti vyote vyakaa hapo, na yenyewe ndo inapeleka maombi kwa za nyuma kulingana na jina. Usiifanye hiyo ya mbele kuwa ile inayoshika akaunti za watumiaji wote wa ofisi (domain controller). Najua ofisi ndogo yataka mashine moja ifanye kila kitu, lakini saiti ikivunjwa hapo ushapeana funguo za nyumba nzima. Na kila saiti iwe na application pool yake (chumba chake cha kuendeshea) na folda yake, ruhusa ya folda ipewe utambulisho wa pool ile tu, saiti ya WordPress ya mtu isije ikasoma faili za wateja wa mwenzake, tena siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Vyeti mimi natumia vya bure vya Let's Encrypt kupitia programu ya win-acme, inakaa kwa Windows, yajiwekea kazi ya kila siku kwa Task Scheduler na yabadilisha cheti kwenye IIS yenyewe. Ni vya siku 90. Hapa watu huharibu kwa kufunga poti 80 ati kwa usalama, na uthibitisho wa kawaida wapita hapo hapo kwa 80, kwa hivo cheti cha kwanza kilipatikana kabla haijafungwa na cha pili hakiji. Iwache wazi, ipeleke watu kwenda https, basi. Na usingoje kukumbushwa, Let's Encrypt waliwacha kutuma barua za kuonya mnamo Juni 2025. Wale wa kununua cheti cha mwaka na kukitia kwa mkono nao wajipange, kuanzia Machi 2026 cheti chochote kipya cha wazi, kile kinachoaminiwa na brauza za kila mtu, hakizidi siku 200, Machi 2027 siku 100, na Machi 2029 siku 47. Kwa mkono hutaweza, wallahi.

Toleo la Windows: seva za mitumba zinauzwa na 2012 R2 ndani, SNI inayo ndio, lakini msaada wake uliisha Oktoba 2023, usiitoe nje kwa intaneti. Ukiweza chukua 2022, yaja na TLS 1.3 tayari. Na hiyo mashine isikae karibu na dirisha, chumvi ya hewa ya hapa yala kila chuma, stima nayo ikipotea UPS iwe na waya wa kuiambia Windows ijizime vizuri.

Alafu kama saiti yako ni kurasa tatu, namba ya simu na ramani ya ofisi, hata usisumbuke na haya yote, kodi hosti ya nje. Haya ni kwa mwenye mfumo wa ofisi, mfano wale wa kutoa mizigo bandarini ambao karatasi za wateja wanazitaka ndani siku intaneti ikikatika.