Ubao wa nyuzi: fainali 14 za The International

Wiki ya kwanza

Jumamosi nimeuchukua ubao kwa fundi seremala. Ni plaiwudi nene, urefu mita moja na nusu, upana mita moja, kingo zimepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami. Nitaupaka rangi nyeupe mara mbili na kuutundika sebuleni ukiwa umebeba historia ya mabingwa wa The International, mashindano makuu duniani ya Dota 2, gemu ya kompyuta ya timu, kuanzia Cologne 2011 hadi Hamburg 2025.

Orodha ya mabingwa ninayo siku nyingi kwenye daftari: Natus Vincere, Invictus Gaming, Alliance, Newbee, Evil Geniuses, Wings, Liquid, OG, OG tena, Spirit, Tundra, Spirit tena, Liquid tena, Falcons. Kila nikiisoma naona kuna kitu inakificha. Liquid ya 2017 na Liquid ya 2024 zina jina moja, lakini hakuna hata mchezaji mmoja aliyekuwamo katika zote mbili. Tundra ya 2022 na Falcons ya 2025, ambazo kwenye daftari hazijuani kabisa, zina watu wawili walewale, kwa majina yao ya kuchezea: skiter na Sneyking. Jina la timu ni jezi tu, linavaliwa na kuvuliwa. Ninachotaka kukiona ni watu wanavyopita.

Kwa hiyo ubao huu ni wa wachezaji. Kila fainali ni mstari mmoja wa misumari kumi. Mitano ya kushoto ni ya mabingwa, na hiyo nimenunua ile yenye vichwa vya shaba ambayo mafundi hupigia viti vya sofa. Mitano ya kulia ni ya walioshindwa, misumari ya kawaida myeusi. Kila mchezaji ana uzi wake, na uzi unashuka mwaka hadi mwaka ukizungushwa kwenye kila msumari aliofikia. Aliyecheza fainali moja tu anapata fundo jeupe. Aliyecheza mbili au zaidi anapata rangi.

Kwa asiyeijua Dota: watu watano dhidi ya watano, kila mmoja anaongoza shujaa mmoja aliyechaguliwa kati ya zaidi ya mia, na gemu inaisha pale ngome kuu ya upande mmoja inapobomolewa. Kabla ya gemu, manahodha wanapokezana kuchagua mashujaa na kumzuia mwenzake asichukue fulani. Fainali huchezwa mpaka timu moja ishinde gemu tatu.

Wiki ya pili

Misumari 140. Nilipiga mistari kwa kalamu ya risasi kila baada ya sentimita tisa, nikatoboa kwanza kwa kijisumari chembamba ili mbao isipasuke, kisha nikaanza kugonga. Mstari wa 2014 uliniharibikia, msumari wa tatu uliingia mshazari, nikaung'oa na kuziba tundu kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Sasa haionekani.

Mwaka 2020 ulinifikirisha. Mashindano yalikuwa yafanyike Stockholm, yakaahirishwa kwa sababu ya Uviko. Mwaka uliofuata shirikisho la michezo la Sweden likakataa kuyatambua kama michezo, viza za wachezaji zikawa shida, yakahamishiwa Bucharest, Romania. Ningeweza kuruka moja kwa moja kutoka 2019 hadi 2021 na hakuna ambaye angelalamika. Nimeamua kuacha nafasi ya sentimita tisa bila msumari hata mmoja. Nyuzi zitapita hapo hewani. Waliokuwa kwenye kilele mwaka ule walipoteza mwaka mzima wa ujana wao wa kucheza, na ubao wangu hautajifanya kwamba mwaka huo haukuwepo.

Nilifikiria pia kuandika fedha za zawadi pembeni. Dola milioni 1.6 mwaka 2011, na bingwa peke yake alichukua milioni moja, kiasi ambacho wakati ule watu walidhani ni mzaha. Kuanzia 2013 mashabiki wakaanza kuchangia kwa kununua kitabu cha mashindano ndani ya gemu, robo ya bei ikiingia kwenye mfuko wa zawadi, na mfuko ukapanda mpaka dola 40,018,195 kule Bucharest. Mwaka 2023 kitabu hicho kikapunguzwa sana na mfuko ukashuka hadi karibu milioni tatu. Takwimu hizi nimeziandika nyuma ya ubao kwa kalamu ya risasi. Mbele zingemeza kila kitu, mgeni angezitazama hizo tu.

Wiki ya tatu

Nyuzi amenipa dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na ana kopo zima la nyuzi za kudarizi. Alipoona ninavyofunga mafundo akaninyang'anya. "Mdogo wangu, hilo litafunguka kabla ya Ijumaa," akasema, akanionyesha kuzungusha mara mbili chini ya kichwa cha msumari ndipo nivute. Mafundo yote ya sasa ni ya mtindo wake.

Nimeanza na Natus Vincere, tunaowaita Na'Vi. Cologne, Agosti 2011, waliifunga EHOME ya China 3-1. Njano kwa Dendi, kijani kwa Puppey, nyekundu kwa XBOCT, kijivu kwa LighTofHeaveN. Mwaka 2012 mashindano yakahamia Seattle, Na'Vi wakafika fainali tena, Invictus Gaming wakawafunga 3-1. Nyuzi nne zikavuka kutoka shaba kwenda nyeusi. Mwaka 2013 fainali ya tatu mfululizo, na hii ndiyo niliyokaa nayo jioni nzima nikiitazama upya kabla ya kufunga chochote.

Alliance ya Sweden dhidi ya Na'Vi, mbili kwa mbili, gemu ya tano. Alliance hawakutaka kupigana ana kwa ana, walitawanyika kubomoa majengo pande zote za ramani, AdmiralBulldog akiwa mbele. Na'Vi walipoona ngome yao inateketea wakajaribu kujirudisha nyumbani kuilinda, na hapo ndipo s4, aliyekuwa na shujaa aitwaye Puck, akawatupia wavu uliowakatiza safari. Sekunde chache tu. Ningekuwa na uwezo ningeweka taa ndogo kwenye msumari wa s4. Nimemfungia fundo jeupe, kwa sababu hakufika fainali nyingine, lakini ni fundo ninaloligusa kila nikipita.

Uzi wa LighTofHeaveN unaishia 2012, wa Dendi na wa XBOCT hapo 2013, nimezikata. Wa Puppey sikuukata. Unashuka upande wa kulia, unapita 2014, 2015, unaendelea kushuka bila kugusa msumari wowote, na miaka tisa baadaye unashika msumari mweusi wa Singapore 2022, akiwa nahodha wa Team Secret waliofungwa na Tundra 3-0. Alikuja kwenye mashindano haya kila mwaka katika kipindi hicho chote. Huo ndio uzi mrefu kuliko yote kati ya msumari na msumari, na ilibidi niushikilie katikati kwa pini ndogo usilegee.

Wiki ya nne

2014 nimeipita haraka. Newbee 3, Vici Gaming 1, timu mbili za China, gemu fupi za kusukuma majengo mapema. Cha kubaki nacho ni uzi wa fy wa Vici, ambao unashuka hadi 2018 na kukuta nyeusi nyingine.

2015 karibu yote ni mafundo meupe, na hilo lilinishangaza, maana ndiyo fainali ambayo hata wasiocheza Dota wameiona kipande chake. Seattle, 8 Agosti. Evil Geniuses walikuwa mbele gemu mbili kwa moja. CDEC, waliopita mlango mwembamba kabisa wa mchujo kuingia mashindanoni, walikuwa wamejibana kwenye pango la Roshan, jitu linaloishi ndani ya ramani. ppd wa Evil Geniuses akawarushia barafu ya shujaa Ancient Apparition, mwenzake Universe akatua katikati yao na shujaa Earthshaker, wote wakaanguka. Mchezaji wa kati wa Evil Geniuses alikuwa SumaiL, mzaliwa wa Karachi, umri miaka 16. Bingwa wa dunia kabla ya kumaliza shule. Uzi wake ni fundo moja tu, na nilidhani ungekuwa mrefu.

Sasa 2016, ambapo nilisimamisha kazi. Wings Gaming walichukua kwa 3-1, na walikuwa vijana waliochagua mashujaa wowote waliowataka, wapinzani hawakujua wazuie nini. Wawili kati yao, Faith_bian na y`, wanaonekana tena upande wa kulia 2021. Lakini mshangao wangu ulikuwa kwa walioshindwa, Digital Chaos. Nilikuwa nimewaandalia mafundo matano meupe. Nilipofika w33 nikakumbuka: alikuwa na Liquid kwenye fainali ya 2019. Fundo likafunguliwa, rangi ya zambarau. Kisha Saksa: alikuwa Tundra 2022, bingwa. Kisha Resolut1on: alikuwa Team Secret 2022, upande wa pili wa fainali ileile.

Watu wawili waliofungwa pamoja Seattle 2016, misumari miwili iliyopakana, nyuzi zinashuka sambamba, na miaka sita baadaye zinaachana Singapore: mmoja anavuka kwenda kwenye shaba, mwenzake anabaki. Nimewashabikia wote wawili na sikuwahi kuliona hili. Daftari langu lisingenionyesha hata kidogo.

Wiki ya tano

KuroKy nimempa rangi ya machungwa. 2013 alikuwa Na'Vi, upande wa kulia. 2017 alikuwa nahodha wa Liquid walioifunga Newbee 3-0, mara ya kwanza fainali kuisha bila upande mmoja kupata hata gemu moja. Uzi unavuka kwenda shaba. 2019 Shanghai, fainali tena, unarudi kulia. Miracle-, MinD_ContRoL na GH wanakwenda naye sambamba 2017 hadi 2019, na mpangilio wa hizo nyuzi nne unapendeza macho kuliko sehemu yoyote ya ubao.

Waliowazuia 2019 ni OG, na hapa pana nyuzi tano fupi zilizonyooka, shaba hadi shaba, Vancouver hadi Shanghai: N0tail, Ceb, JerAx, Topson, ana. Mei 2018 timu hiyo ilikuwa imevunjika, Fly na s4 wameondoka kwenda Evil Geniuses. Ceb alikuwa ameacha ukocha na kurudi kucheza. Topson alikuwa hajawahi kucheza jukwaani kwenye mashindano makubwa. Wakaanzia mchujo wa wazi, ule ambao timu yoyote inajiandikisha. Kwenye fainali PSG.LGD ya China wakawa mbele mbili kwa moja, gemu ya nne ilikuwa karibu imekwisha, Ceb na shujaa wake Axe wakaigeuza. Niliitazama usiku kwa simu, bando ikaisha dakika za mwisho, nikaenda kumgongea jirani. Akafungua. Tukaimalizia kwake, na tangu siku hiyo hatujakosa fainali pamoja.

Bucharest 2021, bila watazamaji ukumbini. Team Spirit walipita tawi la chini, la timu zilizokwisha kufungwa mara moja, wakiwatoa OG njiani, wakaikuta PSG.LGD. Wakaongoza mbili bila, LGD wakasawazisha, na kwenye gemu ya tano LGD hawakumzuia shujaa Magnus. Collapse akamchukua. Yatoro, Collapse, Mira na Miposhka wakarudia ubingwa 2023 Seattle, nyuzi nne nyeupe-samawati. Waliofungwa na Spirit siku hiyo, Gaimin Gladiators, wakarudi Copenhagen 2024 wote watano, wakafungwa tena 3-0, safari hii na Liquid. Nyuzi tano zilizonyooka kama za OG, ila kwenye misumari myeusi.

Nimehesabu mabingwa mara mbili: watano wa OG, wanne wa Spirit, mchezaji aitwaye 33 aliyechukua na Tundra kisha Liquid, na skiter na Sneyking. Kumi na wawili. Mara tatu hakuna.

Wiki ya sita

Nilimwachia Ame mwisho. Bluu iliyokoza.

2018, PSG.LGD, kafungwa na OG 3-2. 2021, PSG.LGD, kafungwa na Spirit 3-2. 2025 Hamburg, Xtreme Gaming, kafungwa na Falcons 3-2. Fainali tatu, kila moja ikafika gemu ya tano, gemu ya mwisho kabisa. Pembeni yake Hamburg walikaa xNova, aliyekuwa naye 2018, na XinQ, aliyekuwa naye 2021. Nilizifunga nyuzi zao tatu usiku huohuo na mikono yangu haikuwa na haraka.

Mtoto wa dada alikuja asubuhi, akanisalimia, akaufuata uzi wa bluu kwa kidole kutoka juu hadi chini. "Mjomba, mbona huyu haendi kwenye dhahabu?" Nikamwambia gemu za tano zilimkatalia. Akauliza kama bado anacheza. Nikamwambia ndiyo, Hamburg ilikuwa 2025 tu. "Basi usiukate."

Sikuukata. Waliofika fainali ya Hamburg wote nimewaachia mikia ya nusu mita, imezungushwa kwenye vibobini vya cherehani vilivyoning'inia chini ya ubao. Chini ya mstari wa mwisho zimebaki sentimita 17, na tayari nimechora mistari ya misumari kumi, mitano ya shaba imo kwenye kikopo juu ya kabati. Vibobini vinagongana upepo ukipita dirishani. Kesho nitavivalisha vitambaa.