Siku Niliyompeleka Baba kwa Masista

Begi la baba nililifunga usiku, kama mwizi. Sweta mbili, suruali tatu, kofia yake ya sufu, rozari, redio ya betri, pakiti mbili za pampasi za wakubwa. Nikalitia nyuma ya gari, Noah niliyoazima, nikalifunika turubai utadhani nimebeba magendo. Ilikuwa Julai 2019, na baridi ya Kibosho ni ile inayokuingia mpaka kwenye meno. Ukungu ulikuwa umelalia migomba tangu juzi yake. Mlima hatukuuona wiki nzima.

Kwetu Uchaggani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya baba, na wa mwisho ni mimi. Watu wakisikia kurithi wanafikiria bati na kihamba, shamba la ukoo, wanasahau kwamba kabla ya bati unarithi wazee wenyewe. Mama alifariki 2015. Mimi nauza spea za pikipiki Arusha, napanda Kibosho Jumamosi jioni na kushuka Jumatatu alfajiri. Siku zilizobaki baba alikuwa na dada wa kazi, binti wa Kondoa, tuliyekuwa tukimlipa elfu sitini kwa mwezi na kujiona wakarimu.

Baba alikuwa karani wa mizani. Aliingia chama chetu cha msingi 1961, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na mizani ndiyo iliyomjengea jina. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa 1976 na KNCU, chama kikuu cha kahawa cha Kilimanjaro, ikatoweka, yeye aliendelea kupima kahawa ya kijiji. KNCU iliporudi 1984 ikamkuta palepale, na shati lake jeupe na peni mbili mfukoni. Akiing'ata punje ya kahawa kwa meno ya mbele alijua kama imekauka. Wakulima walimwogopa. Akisema "rudisha kichanjani", unarudisha.

Sasa akawa anaamka saa tisa za usiku, anavaa koti, anauliza foleni imefika wapi. Kisha akaanza kumtafuta mama. Hapo nilifanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nasimamisha ninachofanya. Kila alipouliza, nilimwambia ukweli: "Baba, mama alishafariki, tulimzika pale kwenye migomba." Naye kila mara alilia kilio cha mtu anayepata habari leo. Nilimfisha mama labda mara ishirini. Siku moja nikamsikia dada akimjibu, "Ameenda Kiboriloni sokoni, Babu. Kunywa uji, akirudi akukute umeshiba." Akanywa. Nikamwita dada pembeni nikamgombeza kwa kumdanganya mzee.

Hospitali tulikwenda Machi mwaka uleule. Nasema hivyo upesi, lakini kufika huko kulichukua mwaka na nusu wa kubishana. Shangazi alitaka mbege na majani ya masale, tukaombe radhi kwa marehemu babu kwa sababu ya kipande cha kihamba ambacho baba alikiuza 1987. Majirani walisema ni uzee tu. Daktari alikuwa kijana mdogo, mpole. Kwanza walimtoa damu, wakatazama tezi ya shingo, vitamini, kaswende, VVU, kwa kuwa yapo magonjwa yanayomvuruga mzee akili na yakitibiwa anarudi sawa. Hakukutwa na hata moja. Ndipo daktari akakaa naye mezani.

"Mzee, daraja ni nini?"

"Daraja ni lile la Karanga," baba akamjibu kwa ukali kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Likijaa maji, kahawa haifiki mjini."

Akaambiwa ataje wanyama wote anaowajua kwa dakika moja. Akasema ng'ombe, mbuzi, ng'ombe. Akanyamaza, akatazama dirishani, akasema tena ng'ombe. Kisha daktari akatoa njiti nne za kiberiti, akazipanga umbo fulani juu ya meza, akazivuruga, akamwomba baba azipange vilevile. Baba alizitazama kwa muda. Akaziokota moja moja, akazifuta kwenye suruali, akazitia mfuko wa shati. "Kiberiti siku hizi ni ghali," alisema.

Daktari alicheka, mimi sikucheka. Alinieleza kwamba kipimo kile cha njiti kilijaribiwa hapo jirani, wilaya ya Hai, kwa wazee ambao wengi wao hawakushika kalamu utotoni, maana kumwambia mtu wa namna hiyo achore saa kwenye karatasi ni kumwonea. Akasema utafiti wa huko Hai, uliochapishwa 2013, ulikuta watu kama sita kati ya kila mia wenye umri wa miaka sabini na kuendelea wana ugonjwa huu. Dimensia. Ni ugonjwa wa ubongo, akasema, wala si laana ya kihamba. Dawa ya kuuondoa hakuna. Tuchunge presha yake, macho na masikio yake, na tusimpe vidonge vya usingizi ovyo ili sisi tulale.

Basi, kikao cha kundi la WhatsApp kikaanza. Kaka yangu mkubwa wa Dar, ambaye ni mtu wa ofisi, alituandikia kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo mtunzaji wa kwanza wa mzee, na makazi ni hatua ya mwisho kabisa. Ni kweli, sera ilisema hivyo. Haikusema ni nani katika familia ataamka saa tisa za usiku. Dada yangu wa Pasua akauliza hilohilo kwa maneno mabaya zaidi. Mwishowe kaka akaandika, "Fanyeni mnavyoona, nitatuma hela." Tukakubaliana apelekwe kwa masista fulani njia ya Himo, na dada wa kazi tumwachishe mwisho wa mwezi. Shangazi hatukumwambia. Ukitaja makazi ya wazee Moshi, watu wanafikiria Njoro, yale ya serikali, ya wazee wasio na ndugu. Baba ana watoto watano. Nilishaanza kuwasikia baada ya misa: wamemtupa.

Asubuhi ile dada alimvisha koti bila kuniuliza tunakwenda wapi. Njiani baba alikuwa mchangamfu. Tulipofika mjini akaliona jengo la KNCU, akagonga kioo. "Simama hapa, nipeleke hesabu." Nikamwambia tutapita tukirudi. Akaniamini, na hilo liliniuma kuliko kama angebisha.

Kwa masista kulikuwa safi, kimya, pananuka sabuni ya kipande. Wazee sita walikaa barazani wakiota jua ambalo halikuwepo. Uani kulikuwa na kichanja kimeanikwa maharage, na baba alipokiona mkono wangu ukamtoka. Alikwenda moja kwa moja, akachota maharage machache, akalitia moja menoni, akang'ata.

"Bado mbichi hii. Siku mbili tena."

Bibi mmoja aliyekuwa akichambua karibu na kichanja alisimama taratibu, akajifunga kanga vizuri. "Karani, nimetoka mbali," alisema. "Nipimie hivyohivyo."

"Namba yako?"

Akaitaja bila kusita. Mia na kumi na nne. Sijui kama iliwahi kuwa namba yake kweli. Wakaanza kubishana kuhusu unyevu, na nikaona mabega ya baba yamenyooka.

Sista mkuu, mama wa Rombo mwenye sauti ya tabasamu, aliniingiza ofisini akafungua kaunta buku. Nilidhani ataanza na ada. Akaanza na baba. Tumwite nani? Chai anakunywa kwa chombo gani? Anaamka saa ngapi, na akiamka anataka nini? Akikasirika anatulizwa na nini? Kuna kitu anachokiogopa?

Nilijibu la kwanza. La pili nikasema kikombe, kama kila mtu.

"Kikombe cha mkono au bila mkono?"

Nilikuwa sijui. La tatu nilijibu nusu. La nne nikasema labda redio. Sista hakunicheka wala hakunihukumu, aliacha tu nafasi tupu kwenye mstari, akaenda swali linalofuata. Zile nafasi tupu zikaongezeka mpaka nikaona haya. "Nani anakaa naye?" aliuliza. Nikampigia dada, nikaweka sauti ya juu.

Dada alijibu kama mtu aliyesubiri kuulizwa tangu zamani. Babu anakunywa kwa kopo la plastiki la bluu, kikombe kinamponyoka. Chai isiwe ya moto sana, hasemi ikimuunguza. Usiku taa ya koridoni isizimwe. Akiamka saa tisa asirudishwe kitandani kwa nguvu. Aambiwe mizani imeharibika, fundi anakuja kesho, analala mwenyewe. Soksi avuliwe kabla hajakaa kitandani, baada ya hapo hakubali. Na kioo kifunikwe.

"Kioo gani?" niliuliza mimi.

"Cha kabati, Kaka. Anamwona mzee mule ndani, anaogopa. Anasema anamwibia nguo."

Kwa miezi minne nilikuwa nikiiona kanga imetandazwa juu ya kabati la baba, ikining'inia mpaka chini. Nilidhani ameianika.

Sista aliandika yote. Alipomaliza alifunga kaunta buku, akasema hatampokea baba siku ile. "Mlete Jumatatu, mje na huyo binti. Akae naye hapa wiki mbili, atufundishe. Ukimwacha leo, usiku atakutafuta, na sisi hatutajua la kumwambia." Nikasema tulikuwa na mpango wa kumwachisha. Sista akanitazama tu.

Kumwondoa baba pale kichanjani ilikuwa kazi. Bibi wa mia na kumi na nne alikuwa anadai stakabadhi, na baba hakuondoka mpaka nilipompa peni na kipande cha risiti ya mafuta, akaandika nyuma yake. Mwandiko wake ulikuwa umeporomoka, lakini alipiga mstari chini ya jumla, mistari miwili, kama alivyofanya miaka yote.

Jioni nilimweleza dada jikoni. Aliendelea kumenya ndizi. Kisha akauliza mshahara.

"Hizo wiki mbili tutakulipa kama kawaida."

"Kaka, huko nakwenda kuwa mwalimu," alisema. "Laki na nusu. Na baada ya hapo sirudi kwenye sitini."

Niliandika kwenye kundi. Tiki mbili za bluu, za wote wanne, kwa dakika arobaini. Nikamwambia sawa, kwa jukumu langu mwenyewe. Kaka alikuja kuzilipa baadaye, na maneno yake juu.

Baba alikaa kwa masista miezi kumi na minne, na ndiko alikofia, usingizini, Septemba 2020. Shangazi alikuja kumwona mara mbili, ya pili akaleta mtori. Wapo waliosema tumemtupa. Labda ningemwacha ile siku ya kwanza, na begi nililolifunga gizani, wangekuwa wamesema kweli.

Lakini nilitaka kusema habari ya lile begi. Jumapili usiku dada alilifungua kitandani kwa baba, akatoa kila nilichokiweka. Suruali mbili zilikuwa za zamani, hazimwingii. Soksi zilikuwa zinambana. Redio haikuwa na betri. Akapanga upya bila kuniambia neno, kopo la bluu likawa la kwanza. Halafu akaivuta kanga kutoka kwenye kioo, akaikunja mara nne. "Huko nako vioo vitakuwepo," alisema.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta. Aliona kabati.

"Yule mzee bado yupo?"

"Yupo, Babu," dada alimjibu, huku akivuta zipu. "Sisi ndio tunaondoka."