Nilivyoiongeza Mikwaruzo ya Tangi Langu la Samaki Kabla ya Kuiondoa

Tangi langu la samaki lina urefu wa futi 3, kioo chake ni cha milimita 6, na limekaa sebuleni kwangu Nyegezi, Mwanza, tangu nilipolinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Ndani yake wamo furu wa miambani, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambao wavuvi wa huku huwaita mbipi, na mmoja wao ni dume mwenye mgongo mwekundu kiasi kwamba wageni huacha chai ipoe wakimtazama. Aina yake ilipewa jina la nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu, na jambo hilo humsimulia kila mgeni, apende asipende. Mtaelewa basi uchungu wangu nilipoona kwamba ili kumtazama dume huyo ilinibidi niinamishe kichwa kukwepa michirizi iliyokatiza kioo cha mbele.

Aliyeikwaruza ni mimi mwenyewe. Nilichota mchanga ufukweni nikautandaza chini ya tangi, kisha nikawa nasafisha ukoga kwa sumaku ya kusafishia vioo, ambayo niliishusha hadi ikagusa mchanga. Punje chache zilinasa kwenye sponji yake, nami nikaendelea kuipandisha na kuishusha huku nikipiga mluzi. Mchanga wetu hutokana na haya mawe ya itale yaliyotapakaa Mwanza nzima, na chembe zake za kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Siku hizi naishia vidole vitatu juu ya mchanga, na sehemu iliyobaki naifuta kwa mkono.

Ushauri wa kwanza, ambao ningependa aliyenipa aulipie fidia, ulikuwa dawa ya meno. Niliwahamishia samaki kwenye beseni lenye pampu ya hewa, nikamwaga maji, nikasugua Jumapili nzima hadi nikamaliza tyubu mbili. Mke wangu aliuliza kama furu nao wameanza kuoza meno. Kioo kilinukia vizuri na kikang'aa kama cha benki, lakini kila mkwaruzo ulikuwa pale pale, sasa ukionekana vizuri zaidi kwa kuwa uchafu uliouficha ulikuwa umetoka.

Ndipo akapita fundi mmoja wa mtaani kwetu, kijana mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Mzee, hiyo ni kazi ndogo," akasema. "Chukua msasa wa maji namba 1000, sugua taratibu, kitarudi kama kipya." Nilisugua taratibu kama nilivyoambiwa. Baada ya nusu saa nilikuwa nimetengeneza doa la ukungu lenye ukubwa wa kiganja, katikati kabisa ya kioo, pale ambapo dume hupenda kusimama akitunisha mapezi. Baadaye nilibaini kwamba fundi wangu alijifunza kazi hiyo kwenye taa za mbele za magari, ambazo ni za plastiki. Plastiki husamehe msasa, na hata matangi ya plastiki huweza kusuguliwa hivyo kwa misasa inayozidi kuwa laini, kioo hakisamehe.

Nilijaza maji kwa hasira, kwa sababu tu samaki walikuwa wamechoka na beseni, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyenitajia. Mikwaruzo mingi niliyohangaika nayo Jumapili nzima ilitoweka. Mkwaruzo ulio upande wa ndani hujaa maji, na kwa kuwa maji huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha kioo kuliko ifanyavyo hewa, jicho halioni tena pale kioo kinapoishia na maji yanapoanzia. Kati ya michirizi kama thelathini niliyokuwa nimeihesabu tangi likiwa tupu, iliyobaki ikionekana ilikuwa mitatu tu, pamoja na ule ukungu wangu, ambao maji yaliupunguza bila kuufuta. Dume alipopita pale alionekana kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaizungushia mitatu hiyo kwa nje, tangi likiwa bado limejaa, ili nikimwaga maji tena nisipoteze nguvu kwa mingine.

Dawa yenyewe ni oksidi ya seriamu, unga laini wanaoutumia mafundi wa vioo vya magari. Wangu uliletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na pamoja na kisahani cha felti cha kufunga kwenye drili nadhani haukufika elfu hamsini, ukiacha drili ya kuazima. Nililaza tangi kifudifudi juu ya godoro, nikafunika silikoni inayounganisha vioo pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikakoroga unga kama uji mwepesi. Drili iende polepole, na maji yanyunyiziwe kila wakati, maana sehemu moja ya kioo ikipata moto peke yake kitapasuka. Nilikuwa nikigusa kwa mgongo wa mkono kila baada ya dakika moja au mbili, kama mama anayepima homa. Tena usigande mahali pamoja, kwani utachimba kibonde na samaki ataonekana akijikunja kila anapopita hapo.

Ukungu uliisha baada ya Jumamosi mbili. Mikwaruzo miwili nayo ikaisha. Wa tatu ulikuwa unakwamisha kucha nilipoupitishia kidole, na mkwaruzo wa namna hiyo ni mrefu kwenda chini kuliko subira ya mtu yeyote, hivyo nikauacha. Nikasuuza tangi mara nne, nikajaza, nikawarudisha furu, nikamwita mpwa wangu aje kushuhudia.

Alitazama kwa muda mrefu, akazunguka nyuma ya meza, akachungulia upande wa ukutani.

"Mjomba, mbona kioo cha nyuma hakina mkwaruzo hata mmoja? Si ungeligeuza tu?"

Sijaligeuza hadi leo, na sina mpango wa kuligeuza.