Jinsi Nilivyoishi na Kompyuta Mpakato ya Gigabaiti 32

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Songea, na maandalizi yangu yote, kuanzia azimio la kazi na andalio la somo hadi mitihani ya majaribio, huyafanya kwenye kompyuta mpakato ya inchi 11.6 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi, ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 32. Kiasi hicho ni cha kwenye boksi tu, kwa sababu watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja ilhali Windows hupanda kwa 1,024 badala ya 1,000 katika kila hatua, kutoka baiti hadi gigabaiti, hivyo 32 husomeka kama 29.8, na kati ya hizo Windows 10 yenyewe ilikuwa imekalia zaidi ya nusu.

Jioni moja, nikiwa natunga mtihani wa kidato cha pili, programu ya kuandikia ilikataa kuhifadhi kazi. Nilipofungua orodha ya diski nikakuta mstari umekuwa mwekundu na nafasi iliyobaki ni megabaiti 212. Kesho yake niliipeleka kwa fundi nikimwomba aniwekee diski kubwa zaidi. Alifungua kifuniko cha chini, akanionyesha kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akasema, "Mwalimu, hii haibadilishwi. Imechomelewa kwenye ubao." Hifadhi za aina hiyo, zinazoitwa eMMC, ndizo zinazowekwa kwenye kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu, na ni vyema mnunuzi aulize jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Nilianza vibaya, kwani nilifuta kabla ya kupima. Niliondoa picha za ziara ya wanafunzi, ambazo hadi leo nasikitika kuzipoteza, nikapata nafasi isiyofika megabaiti 300, na baada ya siku mbili nafasi hiyo nayo ikawa imekwisha. Ndipo nikaweka WinDirStat, programu ndogo ya bure inayochora kila faili kama kisanduku chenye ukubwa unaolingana na nafasi inayoichukua. Kisanduku kimoja kilikuwa faili liitwalo hiberfil.sys, gigabaiti 1.6, ambalo Windows hulitenga ili kuhifadhi yaliyomo kwenye ramu kompyuta inapolala kwa muda mrefu. Nilifungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika powercfg /h off, likatoweka. Gharama yake ni kwamba kompyuta huchelewa kidogo kuwaka, na betri ikiisha wakati imelala, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, kwa hiyo nimejizoeza kubonyeza Ctrl na S kila nimalizapo aya.

Katika folda ya vipakuliwa nilikuta muhtasari wa somo langu umejirudia, na nakala ya mwisho ilikuwa na namba (7) mwishoni mwa jina. Kila nilipouhitaji nilikuwa naupakua upya badala ya kuutafuta, nikipoteza nafasi na bando kwa pamoja. Sasa nimeiagiza Chrome, kivinjari ninachofungulia intaneti, iniulize mahali pa kuweka kila faili kabla ya kulipakua, na swali hilo peke yake limenizuia kupakua vitu vingi.

Ukiacha Windows yenyewe, kivinjari ndicho kilichokuwa kimekula nafasi kubwa kuliko vyote, zaidi ya gigabaiti 3, na hapo ndipo nilipojifunza mengi. Nilikuwa nadhani kufuta historia kunatosha, kumbe historia ni maandishi machache tu. Kinachojaza ni picha na faili za akiba, ambazo kivinjari huzitunza ili kisizipakue upya, pamoja na data ambayo tovuti zenyewe huiweka kwenye kompyuta. Katika mipangilio ya faragha kuna ukurasa unaoorodhesha kila tovuti na kiasi ilichohifadhi, na unaweza kuupanga kuanzia kubwa. WhatsApp ya kwenye kivinjari ilikuwa juu kabisa kwangu, ikifuatwa na tovuti ya video niliyoitembelea mara mbili tu. Niliziondoa moja moja badala ya kufuta zote, maana akiba ya tovuti ninazozitumia kila siku huniokolea bando: picha zilizokwisha hifadhiwa hazipakuliwi tena.

Ramu nayo ilihitaji nidhamu yake. Nikibonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome, hujitokeza jedwali linaloonyesha kila kichupo, yaani kila ukurasa uliofunguliwa, kinatumia kiasi gani, na niliona ukurasa mmoja wa habari wenye matangazo mengi ukitumia kumbukumbu kuliko vichupo vingine vitano vikijumlishwa. Ramu ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya eMMC haina kasi ya kuubeba, ndiyo maana kompyuta huganda. Ukurasa ninaotaka kuusoma baadaye siuachi wazi tena: nabonyeza Ctrl na P, nauhifadhi kama PDF, kisha nakifunga kichupo. Baadaye nausoma hata bila intaneti.

Mafaili ya kazi niliyahamishia kwenye kadi ya memori ya gigabaiti 64 inayokaa ubavuni mwa kompyuta, na nakala ya pili iko kwenye flashi inayobaki nyumbani, kwa kuwa kadi hufa bila kutoa taarifa. Akiba ya kivinjari sikuihamisha, kwa kuwa kadi ina kasi ndogo kuliko hata eMMC.

Hatua ya mwisho ilinilazimu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai hifadhi isiyopungua gigabaiti 64. Kwa msaada wa fundi yule yule niliweka Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows, baada ya kuijaribu kwa siku tatu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Printa ya shule ilisumbua asubuhi nzima, na baadhi ya majedwali yangu yalisogea nilipoyafungua kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, nikayarekebisha kwa mkono. Leo asubuhi nilipoangalia, nilikuwa na gigabaiti 14 zilizo wazi, na mtihani wa muhula wa kidato cha pili umeshachapwa.